Frodo Hakuzaliwa Tofauti na Majirani Zake

Aliyetazama filamu tatu za Peter Jackson zilizotoka kati ya 2001 na 2003, hata kama hajawahi kukifungua kitabu cha The Lord of the Rings, huondoka na picha moja isiyofutika. Upande mmoja wapo mahobiti wa Shire: watu wafupi wenye manyoya miguuni, wapenda chakula, maana mlo wao ni mara sita kwa siku wakijaliwa, wanaosengenyana baa na wasiotaka kusikia habari za ng'ambo ya mto. Upande wa pili yupo Frodo Baggins, kijana mwembamba mwenye macho ya buluu, anayesoma kitabu chini ya mti na kuwaza mbali. Ukiuliza kwa nini shujaa huyu hafanani na watu wake, jibu la haraka ni kwamba alizaliwa hivyo. Ana damu ya wasafiri, au majaliwa yalimteua. Jibu hilo hupendwa kwa sababu linatubembeleza. Kila msomaji hujiona yeye ndiye Frodo, na majirani zake ndio mahobiti. Lakini J.R.R. Tolkien hakuandika hivyo. Ukikisoma kitabu chake kwa makini utamwona Frodo akifanywa tofauti, kwanza na mali na vitabu, baadaye na jeraha. Na tofauti hiyo, ambayo mwanzoni ni ndogo, imekuzwa na jambo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kusimama: kwa mujibu wa kitabu chenyewe, habari hizi ziliandikwa na Frodo.

Nianze na damu, kwa kuwa hiyo ndiyo hoja nzito ya wanaopinga, na Tolkien mwenyewe aliichokoza. Katika The Hobbit, kitabu kilichotoka mwaka 1937, tunaambiwa kwamba mama yake Bilbo, jamaa na mlezi wa Frodo, alitoka ukoo wa Took, na kwamba watu walinong'ona kuwa babu mmoja wa ukoo huo alioa mke asiye wa kawaida, wa jamii ya viumbe wa ajabu. Msimulizi anaicheka habari hiyo, kisha anaongeza kwamba hata hivyo kulikuwa na kitu ndani ya akina Took kisicho cha kihobiti kabisa. Frodo naye, kwa upande wa mama, ana bibi wa ukoo huohuo. Basi kesi imekwisha? Haijaisha, kwa sababu yupo Sam. Samwise Gamgee ni mtunza bustani, mtoto wa mtunza bustani, na hana tone la damu ya Took linalotajwa popote. Ndiye aliyefika mwisho wa safari akiwa bado ana nguvu za kumbeba mwenzake mgongoni. Ndiye pia aliyeivaa kwa muda Pete, chombo cha adui ambacho Frodo alitumwa kukiangamiza, na kuirudisha kwa mwenyewe, jambo ambalo ni wachache mno walioliweza tangu Pete ilipofuliwa. Kama damu ndiyo iletayo ushujaa, hapa imekosea nyumba. Na jina la Baggins lenyewe halikutoa Bilbo na Frodo tu. Lilimtoa pia Lotho Sackville-Baggins, jamaa yao, aliyeuza chakula na tumbaku ya Shire kwa wageni akaishia kuikabidhi nchi nzima mikononi mwa wahuni.

Kuna mtu mwingine wa kuulizwa kuhusu damu, naye ni Sméagol, ambaye wengi humjua kwa jina la Gollum. Mapema kabisa mzee Gandalf anamweleza Frodo kwamba kiumbe yule aliyeharibika alitoka katika jamii yenye asili moja na mahobiti. Frodo anakasirika. Hataki kuamini, anaona ni tusi kufananishwa naye. Maneno hayo ya hasira yanaonyesha jinsi Frodo anavyojiona kabla hata hajafunga mzigo: yeye yuko mbali na wabaya wa jamaa zake kama alivyo mbali na wazembe wao. Safari yote inayofuata ni ya kumfundisha kinyume chake. Kwenye ukingo wa moto, pale alipotumwa kuitupa Pete, anaidai iwe yake, sawasawa na Sméagol miaka mingi kabla. Pete inaangamia kwa sababu Sméagol alimng'ata kidole akaanguka nayo motoni. Tolkien aliwahi kuwaeleza wasomaji waliomwandikia kwamba Frodo alishindwa pale, na kwamba hakuna ambaye angeweza. Sifa yake ni kwamba alifika, na kwamba njiani alimhurumia mtu aliyestahili kuuawa. Shujaa aliyezaliwa tofauti asingehitaji kisingizio hicho.

Kama si damu, basi nini? Tazama hali yake ya maisha. Frodo anaondoka nyumbani akiwa na umri wa miaka 50, si kijana wa filamu. Ni mwanamume asiye na mke wala mtoto, anayeishi Bag End, nyumba iliyotajwa kuwa bora kuliko zote za Hobbiton, akitumia urithi wa Bilbo, na hatusomi popote kwamba aliwahi kushika jembe ili ale. Wazazi wake walikufa maji mtoni akiwa na miaka 12, akalelewa katika jumba la akina Brandybuck lililojaa ndugu hata halina pa kukaa, kisha Bilbo akamchukua alipofikisha miaka 21 na kumfanya mrithi wake. Bilbo alikuwa ameona milima, joka na dhahabu. Alijua lugha ya Waelfi na alikuwa na vitabu. Mtoto yeyote wa Shire angewekwa katika nyumba ile, akapewa mwalimu yule, na akaachiwa miaka yote ile bila kazi ya shamba, angeanza naye kuichungulia ramani. Tunajua hivyo kwa sababu jaribio hilo lilifanyika na matokeo yake yamo kitabuni. Bilbo alimfundisha Sam kusoma na kuandika. Baba yake Sam analieleza jambo hilo baa kwa wasiwasi kidogo, akitumaini kwamba halitaleta madhara. Miaka kadhaa baadaye, porini, wenzake wanashangaa kumsikia kijana wa bustani akikariri sehemu ya utenzi mrefu kuhusu mfalme wa Waelfi, alioupata kwa Bilbo. Elimu hiyohiyo imezaa tamaa hiyohiyo ya kuona mbali, katika damu nyingine na tabaka jingine. Ya Frodo tunaiita moyo wa kipekee. Ya Sam tunaiona kama kituko cha kuchekesha.

Hapo ndipo suala la kalamu linapoingia. Tolkien alikuwa profesa wa Oxford aliyeishi na hati za kale za Kiingereza. Alijua kwamba kila hati ina mwandishi wake, na kila mwandishi ana alipokaa. Basi akakipa kitabu chake historia ya namna hiyo. Anasema kilitokana na Kitabu Chekundu, kilichoanzwa na Bilbo kama kumbukumbu zake, kikaendelezwa na Frodo, kikaachiwa Sam kurasa za mwisho ili akimalizie, kisha kikahifadhiwa na kizazi cha binti yake. Maana yake ni kwamba karibu kila kejeli tunayoisoma kuhusu mahobiti wa kawaida, wanavyoogopa mashua, wanavyohesabu zawadi, wanavyodhani ramani zinakwisha mpakani, imetoka kwa wanaume wawili matajiri, wasomi, wasiooa, ambao majirani waliwaona wana kasoro kichwani. Bilbo alikuwa na kinyongo cha haki: aliporudi kutoka safari yake ya kwanza alikuta vyombo vyake vinapigwa mnada kwa kudhaniwa amekufa. Mtu wa namna hiyo akiandika habari za kijiji chake, lazima usome ukijua anamdai nani.

Wapo watakaosema hizo ni mbwembwe za utunzi tu. Mwandishi halisi ni Tolkien, na Kitabu Chekundu hakijawahi kuwapo. Ni kweli hakijawahi kuwapo. Lakini mtunzi aliyejisumbua hivyo kueleza nani aliandika nini hakufanya hivyo kwa kujaza karatasi, na ushahidi wa mawazo yake mwenyewe upo. Mwishoni mwa 1944, kitabu kikiwa bado hakijaisha, alimwandikia mwanawe Christopher, aliyekuwa katika jeshi la anga, kwamba Sam ndiye hobiti wa kweli na mhusika aliyechorwa kwa ukaribu kuliko wote, na kwamba Frodo havutii sana kwa sababu inambidi awe na mawazo ya juu na ana kitu kama wito. Hayo ni maneno ya baba wa hadithi, si ya mhakiki mwenye chuki. Kuna pia sababu ya kiufundi ambayo haisemwi mara nyingi: msomaji anahitaji mkalimani. Waelfi wakizungumza lazima awepo mmoja anayewaelewa na wengine wanaouliza, la sivyo hatutaelewa sisi. Frodo alipewa elimu ile kwa sehemu ili atuhudumie, nasi tukaichukua huduma hiyo kuwa ubora wa nasaba.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kupima hoja hii kwa kitabu kilichotangulia kile cha Tolkien kwa miaka michache. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa 1951, Karama anashtakiwa katika nchi iliyo angani kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliokwenda pande zote, hadi mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa na kutupwa gerezani. Huko nako tofauti kati ya mjumbe na nchi yake haitokani na kuzaliwa. Inatokana na alichokiona alikokwenda. Huko nako msimulizi ana haja yake, tena kubwa, kwani shingo yake iko hatarini. Ila Shaaban Robert hamfichi mtu anayelaumiwa. Wanaokataa maarifa ni wakubwa wanaoketi barazani kuhukumu, wenye cha kupoteza. Kwa Tolkien lawama inamwagwa kwa kijiji kizima, mwenye kinu na mkulima na bibi mwenye wivu, na inachukua kurasa zaidi ya elfu moja kabla msomaji hajagundua kwamba wengi wao wamesingiziwa.

Angalia mkulima Maggot. Frodo anamkumbuka kama mzee mkali aliyemchapa utotoni kwa kuiba uyoga na kumwachia mbwa wake. Amemwogopa kwa zaidi ya miaka 30, akikwepa shamba lake. Anapolazimika kupita pale, anakuta kwamba mzee huyo ametoka kumfukuza mlangoni mpanda farasi mweusi, mmoja wa watumishi wa kutisha kuliko wote wa adui, aliyemwahidi dhahabu akimtajia alipo Baggins. Usiku ule anawapa wasafiri chakula, anawapakia kwenye mkokoteni wake na kuwapeleka hadi kwenye kivuko, huku akijua ni nani wanaowinda barabarani. Frodo mwenyewe anakiri kwamba miaka yote ile amekosa rafiki mwema. Baadaye kidogo, Tom Bombadil, ambaye ni mkongwe kuliko wote katika hadithi hii, anamzungumzia Maggot kama mtu mwenye uzito kuliko walivyodhani. Tumo bado katika sehemu ya kwanza ya kitabu, na tayari shujaa wetu ameonyeshwa kwamba hawajui majirani zake. Sijui kwa nini wahakiki hulitumia tukio hili kama burudani ya uyoga.

Ushahidi mkubwa zaidi umewekwa karibu na mwisho. Wasafiri wanne, yaani Frodo, Sam, Merry na Pippin, wanarudi na kukuta Shire imekamatwa: miti imekatwa, baa zimefungwa, chakula kinakusanywa na kupelekwa kusikojulikana, mgambo wameongezwa kupita kiasi. Sisemi kwamba kila hobiti alisimama imara. Ted Sandyman, mtoto wa mwenye kinu, aliwashabikia wavamizi, na mgambo wengi walitii kwa woga au kwa kupenda kuamuru wenzao. Lakini nani aliyepinga kabla wasomi hawajarudi? Meya Will Whitfoot, mnene na mpole, alikwenda kulalamika akawa mfungwa wa kwanza. Akina Took walifunga mipaka ya ardhi yao wakapigana. Fredegar Bolger, yule rafiki mnene aliyechagua kubaki nyumbani wakati wenzake wanaondoka, aliongoza kundi la waasi vilimani hadi aliponaswa, akatolewa gerezani amekonda hata hawezi kutembea. Na Lobelia Sackville-Baggins, mama yake Lotho, yule bibi tuliyefundishwa kumcheka kwa uroho wake wa vijiko vya fedha, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 100 aliwavamia wahuni kwa mwavuli, akaburutwa jela. Alipokufa aliacha mali yake yote isaidie waliobomolewa nyumba. Ilipofika vita ya Bywater walikufa mahobiti 19 na wahuni karibu 70, na waliopigana walikuwa wakulima. Mzee Cotton alisema alikuwa akitamani kuanzisha mapambano mwaka mzima, ila alikosa wa kumuunga mkono. Walichokosa watu wale ni mtu wa kupiga pembe wote waamke kwa pamoja, na hilo lilifanywa na Merry na Pippin. Frodo hakuchomoa upanga. Kazi yake siku ile ilikuwa kuwazuia wenzake wasiwaue waliojisalimisha.

Filamu zilikata sura hiyo yote. Ilibaki njozi fupi tu ndani ya kioo cha maji cha Galadriel, bibi mkuu wa Waelfi. Badala yake wanne wanarudi, wanaketi baa kimya, na wenzao wanashangilia boga kubwa lililopitishwa mlangoni. Kama sinema, ni tukio zuri, na ninaelewa kwamba filamu iliyokwisha kuzidi saa tatu haiwezi kuanza vita nyingine. Lakini maana imepinduliwa. Katika kitabu vita vinawafuata mahobiti hadi jikoni kwao, nao wanajibu. Katika filamu hawajui kitu, hawaulizi kitu, wako vilevile walivyoachwa. Filamu ya tatu ilipata Oscar 11, na mamilioni ya watu ulimwenguni wameupokea ule mgawanyo wa shujaa macho na umma usingizini kana kwamba ni wa Tolkien.

Atasema mtu: pamoja na yote hayo, ni Frodo aliyesimama barazani Rivendell, makao ya Waelfi, wakuu wote wakiwa kimya, akasema ataibeba Pete ingawa hajui njia. Nakubali. Hapo palikuwa na uamuzi, na uamuzi huo haukununuliwa na urithi wala vitabu. Lakini msomaji akumbuke nani mwingine alisema. Bilbo, mzee wa miaka 128, alikuwa amejitolea kabla yake. Sam, ambaye hakualikwa hata kuingia, aliruka kutoka pembeni alikojificha kwa sababu hakukubali bwana wake aende peke yake. Merry na Pippin nao walidai kwenda, Pippin akisema asiporudishwa nyumbani ndani ya gunia atawafuata. Mahobiti walioulizwa pale, na hata wasioulizwa, wote walisema ndiyo. Waliobaki Shire, isipokuwa Fredegar, hawakuulizwa na mtu. Pete ilimfikia Frodo kwa njia ya wosia. Kama Bilbo angemwachia mzee Maggot, hatuna sababu ya kudhani angeiuza.

Palipo na tofauti ya kweli, isiyotengenezwa na kalamu, ni baada ya safari. Frodo anarudi na jeraha la kisu begani na sumu ya buibui shingoni, na kila mwaka ifikapo Oktoba 6 na Machi 13 anaugua, akimficha hata Sam. Anajiondoa polepole katika shughuli za nchi. Merry na Pippin wanapendwa kwa mavazi yao ya vita na nyimbo zao, Sam atachaguliwa meya mara saba, naye Frodo hapewi heshima na watu wake, jambo linalomuuma Sam. Tolkien aliijua hali hiyo. Alipigana Somme mwaka 1916, akarudishwa Uingereza akiwa na homa ya mahandaki, na kufikia 1918 marafiki zake wote wa karibu, isipokuwa mmoja, walikuwa wamekufa. Alisema pia kwamba Sam alitokana na askari wa kawaida na watumishi wa maofisa aliowafahamu vitani, ambao aliwaona ni bora kuliko yeye ofisa. Hayo mawili yakiwekwa pamoja, mpango wa kitabu unaonekana. Msomi aliyerudi kutoka vitani anahisi yuko mbali na watu wake, na anahisi hivyo kwa haki. Ila umbali huo ni ugonjwa alioupata akiwatumikia, si cheo alichozaliwa nacho.

Ndiyo maana naona kuna maana kwamba Frodo, alipokwisha kuamua kuondoka kwa meli, alimwachia Sam kurasa zilizobaki. Sehemu ya mwisho ya habari za Shire ina sauti nyingine kabisa. Kejeli imepungua. Tunasoma mitaa iliyojengwa upya, miche iliyopandwa palipokatwa miti iliyopendwa, mavuno ya mwaka 1420 kwa kalenda yao, shayiri iliyotoa pombe ambayo wazee waliisifia kwa miaka, watoto waliozaliwa wengi na wazuri. Wapenda mapigano huzipita kurasa hizo haraka. Lakini ni humo pekee ambamo mahobiti wa kawaida wanaelezwa na mmoja wao, na humo hawaonekani wajinga hata kidogo.